Kaka, Baba aliisikia

Assalaam alaykum kaka,

Ujumbe wako nimeusoma. Nimeusoma usiku uleule, nikaurudia asubuhi kabla ya kwenda kazini, na nakujibu hapa hadharani kwa sababu kwenye kundi la familia mtu akiandika neno zito watu huweka mikono ya dua na mazungumzo yanaishia hapo. Umesema umbali ndio uliotufikisha hapa. Umesema Muscat ni mbali, sauti zetu hazikufikii, na sisi wa Tanga tulimzika Baba bila kukungoja.

Nianze na umbali na sauti, maana hayo ndiyo ninayowafundisha kidato cha nne kila mwaka. Tarehe 27 Agosti 1883 mlima Krakatoa ulilipuka Indonesia, kati ya Java na Sumatra. Kwenye kisiwa cha Rodrigues, huku karibu na Mauritius, mkuu wa polisi alisikia ngurumo akadhani ni mizinga inapigwa baharini. Hapo katikati ni kama kilomita 4,800, na sauti ilichukua takriban saa nne kufika. Kutoka Tanga hadi Muscat hazifiki 4,000. Kwa hiyo kilomita tuziweke kando, kaka. Sauti hudhoofika njiani, hilo ni kweli, lakini ikipata kitu cha kupitia, iwe hewa, maji au ardhi, inakwenda. Inayoikwamisha ni kukosa cha kupitia, au kufika kwenye mpaka wa vitu viwili visivyopatana. Na mpaka wa namna hiyo unaujua vizuri, ulikuwa umekaa juu yake.

Siku ile ya changu unaikumbuka. Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unangoja matokeo, mtaa mzima unakuita profesa. Baba alizama kukagua madema, ile mitego yake ya samaki, wewe ukabaki kwenye ngalawa na pondo mkononi. Akaibuka, akashika ubavu wa ngalawa, akasema, "Wamepiga baruti." Wewe hukusikia kitu. Kwa hilo sikulaumu.

Ninalokulaumu ni la dikoni, pale samaki wanaposhushwa. Baba aliwaendea wale wa kamati pale chini ya mkungu, akawaambia watoe boti wakaangalie, kuna watu wanavua kwa baruti, wanaua bahari. Wakamwuliza, upande gani? Akanyamaza. Kisha akasema, "Upande sijui, ila nimesikia." Ndipo ukaingia wewe, mbele ya wachuuzi, mbele yangu nimeshika beseni la Mama. "Baba, mtu akisikia kitu lazima ajue kimetoka wapi. Mimi nilikuwa palepale juu yako, sikusikia. Masikio yameanza kukuchezea." Wakacheka. Yule mwenye mizani alicheka mpaka akaweka samaki chini. Baba hakukujibu. Alijifunga upya kikoi chake, akachukua kasia, akapita njia ya juu, ile ya kuzunguka, asipite tena mbele yao.

Jioni jirani akamletea Mama changu, na mimi ndiye niliyewaparua. Kwa nje walikuwa wazuri, hawana alama ya ndoana wala ya wavu. Nilipompasua wa kwanza, kisu kilipita laini mahali ambapo kingegonga mfupa. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika katikati, damu nyeusi imegandia pembeni yake, na kile kibofu cha hewa kimechanika kama karatasi iliyolowa. Nikakuita. Ulikuja, ukainama, ukatia kidole pale penye damu. Ukanawa, ukaenda kuangalia mpira. Baba alikula wali na mchuzi mtupu. Hukumwambia neno, si usiku ule wala kesho yake.

Ada ya chuo ulinilipia wewe. Hilo nitakushukuru mpaka naingia kaburini, na kila anayesoma hapa ajue kwamba bila wewe nisingesimama mbele ya darasa lolote. Lakini ni chuo hichohicho kilichonionyesha kwamba Baba hakukosea hata kidogo.

Ukiwa hewani unajua mlio umetoka kushoto au kulia, kwa sehemu kubwa kwa sababu unafika sikio moja mapema kuliko la pili. Hewani, kwa joto letu la pwani, sauti huenda karibu mita 350 kwa sekunde. Kwenye maji ya bahari yetu huenda zaidi ya mita 1,500. Ule muda mdogo wa kutoka sikio hadi sikio unapungua zaidi ya mara nne, na tena mtetemo unapenya kwenye mfupa wa fuvu na kufika masikio yote mawili kwa pamoja. Aliyezama husikia mlio umemjaa kichwani, hauna kusini wala kaskazini. "Upande sijui, ila nimesikia." Mtu aliyesikia kweli chini ya maji hujibu hivyo. Mwongo ndiye angekunyooshea kidole.

Na wewe hukusikia kwa sababu sauti iliyo majini ikifika juu, pale maji yanapokutana na hewa, karibu yote hurudishwa chini. Katika sehemu 1,000 za nguvu yake, ni kama moja tu inayotoka. Ulikuwa hatua chache kutoka kwa Baba na mlikuwa katika bahari mbili. Changu naye aliuawa na mpaka huohuo: nyama yake iko karibu sawa na maji, wimbi la baruti hupita humo, lakini likikuta hewa ndani ya kibofu, linapasua.

Wenye elimu walilijua hili zamani. Mwaka 1826, katika Ziwa Geneva, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walitaka kupima mwendo wa sauti majini. Kengele ilining'inizwa chini ya maji, ikigongwa na papo hapo baruti inawashwa juu ili mwanga wake uonekane. Colladon alikuwa kwenye mtumbwi wake zaidi ya kilomita 13 kutoka pale, na hakutega sikio kwenye upepo. Alitumbukiza bomba refu ziwani, akasikilizia humo, akahesabu sekunde kati ya mwanga na mlio. Walipata mita 1,435 kwa sekunde. Mtu aliyetaka kusikia ya majini alishuka majini, hata kama ni kwa bomba.

Juzi mwanao aliniuliza kwenye simu, "Shangazi, angani kuna sauti?" Kabla sijafungua mdomo nikakusikia nyuma yake: "Hakuna, kule ni utupu." Jibu la haraka, sauti ileile ya dikoni.

Umesema kweli kwa sehemu. Robert Boyle alikwishaeleza mwaka 1660 jinsi alivyoning'iniza saa ndani ya chombo cha kioo na kuinyonya hewa: mlio wake ukafifia mpaka haukusikika, akirudisha hewa unarudi. Na mwaka 1969 wale wawili waliotembea mwezini, hata wakisimama bega kwa bega, walizungumza kwa redio, kwa kuwa mawimbi ya redio hayahitaji hewa. Redio ikiwafia wangeweza kugusanisha kofia zao, mtetemo ukapita kwenye kofia. Lakini mtoto aliuliza habari ya anga lote, na anga lote si tupu sawasawa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kutazama mionzi ya eksirei, na ilionyesha kwamba katika makundi makubwa ya galaksi, yaani ile mikusanyiko mikubwa ya nyota, kuna gesi ya moto iliyojaa kati ya galaksi na galaksi. Palipo na gesi, sauti ina pa kupita. Mwaka 2003 wanasayansi wa darubini ya Chandra wakatangaza kwamba gesi ya kundi moja la galaksi liitwalo Perseus ina mawimbi ya sauti yanayotoka kwenye shimo jeusi, kile kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, mazito mno hivi kwamba kati ya wimbi na wimbi hupita karibu miaka milioni 10. Hakuna sikio la kuyasikia, ila yapo, yamepigwa picha.

Mwambie hivyo mwanao. Mzoeze, kabla ya kusema "hakuna", aulize msikilizaji amekaa wapi. Mimi nilimwuliza Baba. Mwaka niliomaliza chuo nilikaa naye mchangani nikamchorea mpaka wa maji na hewa kwa kijiti, mawimbi yakigonga na kurudi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na kaka yako anayajua haya?" Nikamwambia anayajua. Ulitaka niseme nini? Nimdanganye mzee? Nilimjibu ukweli, na maadamu wewe hukuwahi kumwambia, ilibidi mtu amwambie.

Na la mazishi, usinibebeshe. Baba alikata roho kabla ya alfajiri. Nilikupigia mimi, simu yako imezimwa. Nikampigia mkeo, akasema uko zamu. Maiti ameshaoshwa, masheikh wameshafika, jua linapanda, ningewaambia wakae kwa lipi? Mama aliniachia mimi neno la mwisho nikasema azikwe baada ya Adhuhuri. Ningefanya vilevile leo. Lile deni la mashine nalo Mama keshalimaliza, usitume kitu.

Njoo kwenye arobaini. Mtoto aje na miwani ya kuzamia. Ngalawa nimeitia viraka, inaelea. Nitamshusha majini pale kwenye madema, nami nitazama mbali kidogo nigonge mawe mawili. Nataka anyooshe kidole mlio unapotoka. Nawe ushuke naye, usibaki juu na pondo.

Ukikata tiketi nipigie. Usiniandikie, nipigie.

Mdogo wako