Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: Kila Aliyefika Miaka 40 Aijue Hatari ya Moyo Wake

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Ngamiani. Mimi ni muuguzi mstaafu na nina ombi moja. Mkazi yeyote wa mkoa huu aliyefikisha miaka 40, akiingia zahanati, kituo cha afya au hospitali kwa sababu yoyote, hata kama amemsindikiza mjukuu kliniki, asitoke kabla hajapimwa presha na kukadiriwa hatari yake ya kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 ijayo. Kiwango hicho kiandikwe kwenye daftari lake, aelezwe maana yake kwa lugha anayoielewa. Nitasema pia habari za vipimo vya damu na za CT scan, maana ndivyo vinavyozungumzwa mitaani kwa sasa, lakini vyote vinakuja baada ya hilo.

Watu wa Tanga wameamka kuhusu moyo, na nafurahi. Kinachonisikitisha ni kwamba wanatumia fedha nyingi kupima kile ambacho hakiwajibu swali lao. Mzee anabanwa kifua, watoto wanamchangia, anapigwa ECG na ECHO, anaambiwa moyo uko sawa. Anarudi barazani kwa furaha, sigara inaendelea, vidonge vya presha vinabaki kabatini. ECG aliyopimwa akiwa amelala ametulia inaonesha umeme wa moyo kwa muda ule tu. ECHO inaonesha moyo unavyosukuma damu na valvu zinavyofunguka na kufunga. Ni vipimo muhimu, na vimeokoa wengi. Lakini mishipa inayoulisha moyo wenyewe inaweza kuwa imejijengea mafuta ukutani kwa miaka mingi na vipimo vyote viwili vikatoka safi. Mgonjwa aliuliza, "Je, nitapata shambulio?" Alijibiwa kwamba leo moyo wake unapiga vizuri. Hakuna aliyemwambia kuwa hayo ni maswali mawili.

Swali la kesho lina namna yake ya kujibiwa, na si jipya. Huko Framingham, Marekani, walianza mwaka 1948 kuwafuatilia watu wazima wazima ili waone nani ataugua moyo na kwa nini. Kutoka hapo ndipo dunia ilipojifunza kuyaweka pamoja mambo ambayo kila moja peke yake halitishi sana: umri, jinsia, sigara, presha, kisukari, kolesteroli. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likatoa majedwali mapya yaliyopangwa kwa kanda 21 za dunia, na sisi wa Afrika Mashariki tuna letu. Kila jedwali lina sura mbili. Ya kwanza inahitaji majibu ya kolesteroli na sukari. Ya pili haihitaji tone la damu: unatumia umri, jinsia, sigara, presha, na uzito wa mtu ukilinganishwa na urefu wake. Unafuata mstari mpaka kwenye kisanduku chenye rangi. Kijani ni hatari iliyo chini ya asilimia 5, halafu njano, chungwa, nyekundu, na nyekundu iliyokolea kwa aliyefika asilimia 30 na kuendelea.

Hebu fikiria zahanati ya kule juu Lushoto, au ya kisiwani, ambako hata friji ya maabara ni shida. Muuguzi mwenye mashine ya presha inayofanya kazi, mizani, kipimo cha urefu na karatasi moja ya rangi iliyobandikwa ukutani anaweza kumaliza kazi hiyo kabla mgonjwa hajaitwa kwa daktari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Wengi wao hawajui. Ndio tunaokaa nao msibani, tunaokula nao papa ng'onda kwa wali wa nazi, na presha haiwaumi popote.

Sasa damu. Jirani yangu, mama wa makamo anayekaanga mihogo jioni, aliniletea bahasha ya majibu kutoka maabara fulani ya kulipia. Alikuwa amenunua kifurushi cha moyo. Ndani mlikuwa na karatasi yenye CRP, kipimo cha protini fulani ya damu, iliyopigiwa alama nyekundu na mshale wa kwenda juu. Hakulala usiku ule. Nikamuuliza kama alikuwa ameumwa siku za karibuni. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza dozi ya mseto ya malaria. Ndugu Mganga Mkuu, wewe unajua kuliko mimi: CRP hupanda mwili unapopambana na uvimbe wa aina yoyote, na malaria huipandisha mno. Kipimo hiki kinasaidia kukadiria hatari ya moyo pale mtu anapokuwa mzima, na kikipita miligramu 10 kwa lita unatafuta kwanza maambukizi, kisha unarudia baada ya wiki kadhaa. Hakuna aliyemuuliza hata kama alikuwa na homa. Nikamfunga mashine ya presha mkononi: 172 kwa 104. Kipimo hicho, ambacho ndicho kilichokuwa kinamhatarisha kweli, hakikuwemo popote katika ile karatasi aliyoilipia.

Sisemi CRP ni upuuzi. Utafiti wa JUPITER wa mwaka 2008 uliwachukua watu 17,802 ambao kolesteroli yao mbaya haikuwa juu lakini CRP yao ilikuwa imepanda, na waliopewa rosuvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli ya kundi la statini, walipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa, yakiwemo mashambulio na viharusi, kwa kiasi kidogo zaidi, pungufu ya asilimia 44. Ninachosema ni kwamba kipimo kinachofaa katika nchi isiyo na malaria kinahitaji uangalifu wa ziada Tanga.

Kipo kingine ninachotamani kingetufikia, cha lipoprotini(a), aina ya mafuta yanayobebwa kwenye damu. Hii mtu huirithi kwa wazazi, haibadiliki sana maisha yake yote, kwa hiyo kupima mara moja kunatosha. Watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wanayo nyingi kuliko Wazungu. Kwenye ukoo ambao wanaume wanaanguka ghafla wakiwa na miaka 45 au 50, na watu wanaanza kunong'ona habari za kurogwa, kipimo hiki kingeweza kuwaambia wadogo zao jambo la maana. Kwa wengine wote, kolesteroli ya kawaida na sukari vinatosha kabisa.

Nije kwenye CT scan. Mwaka 1990 daktari Arthur Agatston na wenzake walionesha namna ya kuhesabu kalsiamu iliyoganda kwenye mishipa ya moyo. Kalsiamu hiyo ni kovu la ugonjwa uliokuwa ukiendelea kimyakimya, na hesabu yake inatabiri. Utafiti wa MESA wa Marekani, wenye watu 6,814 wakiwemo Wamarekani Weusi, ulithibitisha kuwa kadiri namba inavyopanda kutoka 0 kwenda 100, kisha 300 na zaidi, ndivyo mashambulio yanavyoongezeka, na ilikuwa hivyo kwa makundi yote manne ya asili waliyoyachunguza. Kipimo hakihitaji sindano ya dawa, na mionzi yake ni kidogo.

Katika zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa mwaka 2021 wa kukabiliana na UVIKO-19, sehemu ilikwenda kununua mashine za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Swali litakuja tu: mbona tusiwapime watu wote kalsiamu? Naomba usikubali. Ambaye jedwali limempa nyekundu hahitaji picha ili aambiwe aanze dawa. Kila shilingi ya picha yake ingemnunulia atovastatini. Ambaye yuko kijani na hana dalili haihitaji pia. Anayebanwa na kifua anahitaji uchunguzi wa aina nyingine, tena haraka. Kipimo hiki ni cha yule wa katikati, wa njano na chungwa, ambaye daktari wake anasita. Kwake, sifuri inaweza kumpa nafasi ya kuahirisha dawa, na 150 inaweza kuumaliza ubishi. Na hata sifuri ina mipaka, hasa kwa mvutaji sigara na mgonjwa wa kisukari, kwa sababu mafuta laini ambayo hayajashika kalsiamu hayaonekani kwenye hesabu hii.

Kuna jambo jingine ambalo ofisi yako ina mamlaka nalo. Wapo wanaopita kwenye masoko na nyumba za ibada na kompyuta yenye kijiti cha chuma. Unakishika kiganjani dakika moja, zinatoka kurasa kadhaa: moyo, mishipa, kolesteroli, figo, vyote kwa asilimia, kisha unauziwa virutubisho. Hakuna kijiti kinachosoma kolesteroli kupitia kiganja. Wapo walioacha dawa za presha kwa sababu ya karatasi hizo. Naomba wazuiwe.

Kuhusu namna ya kuanza, mfano tunao. Kliniki za CTC, zinazowahudumia watu wanaoishi na VVU, zimejenga utaratibu wa kadi, tarehe na kumtafuta mgonjwa asiyerudi. Utaratibu huo huo uwashike wenye presha na kisukari, na walioko CTC wenyewe wakadiriwe moyo, kwa sababu utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, uliohusisha nchi kadhaa za Afrika, ulionesha kuwa statini huwapunguzia mashambulio watu wanaoishi na VVU.

Na takwimu zisipotee. Majedwali tunayotumia yamesukwa kwa kiasi kikubwa na kumbukumbu za watu wa mbali. Kituo cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, cha hapa Tanga kimefanya kazi kubwa kwenye malaria kwa miaka mingi. Mkikaa nao, watu watakaokadiriwa mwaka huu Muheza, Pangani na Handeni wanaweza kufuatiliwa, na tukajua kama njano ya jedwali ni njano kweli kwa Mdigo, Mbondei na Msambaa.

Naomba wilaya moja ianze, mashine zake zote za presha zikaguliwe na mbovu zibadilishwe kwanza, na dawa za presha na statini zisikosekane kwenye zahanati zake. Wauguzi wastaafu tupo mjini na tuna nguvu bado. Tukiitwa kufundisha namna ya kulisoma jedwali tutakuja.

Wako katika huduma ya afya,

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga