Kamera ya spea isikae kwenye begi

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Bombo. Wiki jana nimesoma kwenye gazeti lako ile barua ya kijana wa Jinja anayetafuta kamera ya filamu ya kuweka spea, atampigia dada yake harusi na anayo moja tu, nikasoma na jibu la msomaji mwenzetu kwamba anunue yoyote ya bei rahisi atakayoikuta, aitupie kwenye begi, Mungu akijalia hataihitaji. Siku mbili hilo jibu linanizunguka kichwani. Naomba nafasi nimwambie yule kijana neno kabla hajatoa hela yake, maana mimi ushauri huohuo niliufuata na najua ulinifikisha wapi.

Nilikuwa napiga nikaha hapahapa Bombo, familia ya Wanubi. Asubuhi bibi harusi alikuwa anavalishwa gurbaba na bibi yake mzaa mama, mtu mzima aliyetoka Arua na basi la usiku kwa kazi hiyo tu, anamfunga ile nguo polepole, anaivuta begani, haimridhishi, anaifungua anairudia, machozi yanamshuka na hayafuti kwa sababu mikono yote miwili imeshika kitambaa. Nikapiga, nikapiga sana. Nikaja kutupa jicho kwenye kile kidirisha cha kuhesabia kinasema 38, nikasema aa, roli hii imetoa za ziada, huwa inatokea, nikapiga tena ikaja 39, ikaja 40, na mkono wa kuvutia filamu bado mlaini kabisa. Hapo tumbo likanikata. Roli ya picha 36 haifiki 40. Ulimi wa filamu ulikuwa haujashika kwenye kigurudumu tangu nilipofunga mlango wa nyuma, yaani asubuhi nzima kamera inalia kha, kha, kha, na filamu imetulia ndani ya kopo lake haijasogea hata kidogo.

Nikakimbilia spea. Ilikuwa ya kampuni nyingine, niliichukua Kampala kwa sababu ilikuwa rahisi, kwa hiyo lenzi zangu tatu zote haziingii, ina kalenzi kake kamoja tu. Nikasema hako hako. Nabonyeza, kimya. Ni zile ambazo shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, inaendeshwa na umeme, betri ikifa kamera yote imekufa, na betri yenyewe ni ile ya volti 6, nene kama kidonge, Bombo hakuna aliyekuwa nayo, boda akaenda mpaka Wobulenzi akarudi mikono mitupu. Wakati narudi kwenye kamera ya kwanza na roli mpya bibi harusi ameshavalishwa, ameshatoka, wanawake wanapiga vigelegele uani.

Baadaye nilipanda basi kwenda Arua kwa gharama yangu nimpige yule bibi angalau picha moja na ile gurbaba mikononi. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akakaa kitini nilipomwonyesha. Akaniambia, mwanangu, yale machozi niliyalia siku ile, leo nitayatoa wapi?

Sasa kijana wa Jinja, sikia. Dijitali ikigoma utajua palepale, kioo cha nyuma kitakuonyesha. Filamu haisemi. Inaweza kukosa kushika, shata inaweza kufunguka nusu, mlango wa nyuma unaweza kupitisha mwanga, na wewe unaendelea kuchekesha watu na kupanga mashangazi, utakuja kujua wiki tatu mbele filamu ikirudi kutoka kusafishwa. Ndio maana kamera ya pili ambayo inasubiri kwenye begi mpaka ya kwanza iharibike haina kazi, kwa sababu hutajua kama ya kwanza imeharibika! Ya pili ivae shingoni toka asubuhi, ina filamu, ina lenzi, na upige nayo. Bibi harusi anavalishwa, picha tano hapa, tano kule. Wakati wa pete hapa na kule. Ikipotea roli moja, nyingine ina kisa chote hata kama kwa picha chache. Na kuna faida nyingine ambayo watu hawaisemi, picha ya 36 hupenda kuisha wakati bwana harusi ndio anaingia, na ukiwa na ya pili imejaa hufungui mlango wa kamera mbele ya watu mikono inatetemeka, na huko kutetemeka ndiko kunakofanya filamu isishike.

Halafu kila ukivuta filamu angalia kile kifundo cha kushoto cha kurudishia. Kizunguke. Ukiona hakizunguki simama hapohapo, hata kama sheikhe anasoma.

Sasa ununue ipi. Hukusema unayo kamera gani na hilo ndilo la kwanza, kwa sababu spea lazima ikubali lenzi zilezile. Mimi baada ya ile harusi niliuza vyote nikaanza upya na Nikon FM2, sio kwamba nyingine ni mbaya, ila shata yake ni ya mashine tupu, betri ni za kipima mwanga tu, na zenyewe ni zile mbili ndogo za saa ambazo hata jamaa anayetengeneza saa barabarani anazo. Zikifa unaendelea kupiga. Pentax K1000 nayo ni hivohivo, ngumu kama jembe, walianza kuitengeneza 1976 wakaacha 1997, na kama utapiga kanisani au ndani ya nyumba itakutosha kabisa. Lakini harusi zetu ziko nje, saa sita mchana, jua juu ya kichwa, macho ya watu yamekuwa mashimo meusi na kanzu inawaka, hapo bila flashi ya kujazia uso hupati kitu. Na K1000 ukiwasha flashi, kasi ya shata inaishia 1/60 ya sekunde. Piga hesabu mwenyewe, filamu ya ISO 400, ile inayokunywa mwanga haraka, kwenye jua letu inataka kama 1/400 na tundu la lenzi liwe dogo, f/16, wewe uko 1/60, mwanga umezidi karibu mara 7, na lenzi nyingi tundu haliwi dogo kuliko f/16 au f/22. FM2 za mwanzo, za 1982, flashi inakwenda mpaka 1/200, kuanzia 1984 ikawa 1/250, na hapo unazidisha kidogo tu ambako filamu ya negativi inavumilia bila shida. Kwa hiyo ukienda na K1000 beba filamu ya ISO 100, au wapeleke chini ya mwembe.

Kama una lenzi za Nikon angalia vizuri, kila mtu atakuambia lenzi yoyote ya Nikon tangu 1959 inaingia kwenye Nikon yoyote, na sio kweli kabisa. Zile za kabla ya 1977 ambazo hazijakatwa ile pete ya nyuma usizilazimishe kwenye FM2, utavunja kitu. Na hizi mpya zenye herufi G hazina pete ya tundu, zitaingia vizuri lakini kwenye FM2 tundu litajifunga mpaka mwisho kila picha. Mwenye lenzi za G atafute Nikon F100, ya 1999, inakula betri nne za AA ambazo kila kiosk kinauza, inajivutia filamu yenyewe na inazikubali hizo lenzi. Watu wanaikimbia kwa sababu ile raba ya mlango inakuwa na gundi mkononi, lakini gundi sio ugonjwa, spirit na kitambaa vinaitoa.

Dukani usione aibu kukagua, muuzaji akikasirika wewe ondoka. Toa lenzi, fungua mlango wa nyuma, elekeza kwenye mwanga, weka sekunde 1 na uhesabu, ikikwama ujue grisi imekauka na hiyo ni kazi ya fundi. Shika ile sponji nyeusi ya pembeni ya mlango, ikiacha kitu kama lami kwenye kidole mwanga utaingia, kubadilisha ni rahisi ila bei ishuke. Lenzi imulike na tochi ya simu kutoka nyuma, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui huo ni ukungu, na huku kwetu karibu na ziwa uko mwingi sana, lenzi iliyolala kabatini Entebbe miaka 20 lazima uimulike. Na baada ya yote hayo piga roli nzima, isafishwe uione. Najua roli ni hela, mimi yangu ya rangi naituma Nairobi na basi kusafishwa na kila mara naona uchungu, lakini kamera ambayo hujaona roli yake sio spea. Kama kuna ndugu anakuletea filamu kutoka Ulaya mwambie asiiweke kwenye mzigo wa chini wa ndege, mashine za eksirei za kule chini zinaichoma, aishike mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono.

Kuna wanaosema achana na filamu, imeshakufa. Mimi simlazimishi mtu. Ila mwaka 2015 pale UBC, shirika la utangazaji la Uganda, zilikutwa negativi kama 70,000, zikiwemo za wakati wa Amin, zimekaa kwenye bahasha kabatini, na 2019 Uganda Museum ikazitundika ukutani watu wakawaona baba zao. Miaka 40 kwenye bahasha. Mteja akiniomba filamu ndicho anachoomba, na mimi nikipokea hela yake nadaiwa kazi kamili.

Mhariri, la mwisho ni ombi. Na mimi bado natafuta. FM2 ninayo moja nzima, ya pili ninayotumia ni ya kuazima kwa rafiki na ataichukua mwezi wa kwanza. Wasomaji wenye kamera za wazee wao, zile zilizofungwa kwenye mifuko ya ngozi juu ya kabati, msiwape watoto wachezee, na msizitupe hata kama hazilii, hata kwa vipuri nanunua. Mtu anaweza kuacha ujumbe hapo ofisini kwako nami nitapita.

Na wewe kijana, kama harusi ya dada yako haiangukii tarehe 20 Desemba, nina nafasi na kamera zote mbili zipo. Panda taxi mpaka Bombo, njoo wiki mbili kabla ili roli ya majaribio iwahi kurudi. Betri nitatoa mimi, filamu uje nayo.

Mpiga picha za harusi,
Bombo