Darasa la Kwanza lipewe walimu wazoefu

Mhariri,

Nawaomba walimu wakuu jambo moja Januari hii: Darasa la Kwanza lipewe mwalimu mzoefu kuliko wote shuleni. Shule nyingi hufanya kinyume. Walimu mahiri hupelekwa Darasa la Nne na la Saba kwa sababu ya mitihani ya taifa, na watoto wanaoanza huachiwa yeyote aliyebaki.

Nilikaa nyuma ya darasa la mwanangu nikaiona kazi yenyewe. Dawati moja, watoto watatu; wa katikati anatumia mkono wa kushoto, na kiwiko chake kinamgonga jirani kila herufi. Mwingine anakandamiza penseli mpaka karatasi inachanika. Waliopitia elimu ya awali wanatiririka "ba, be, bi, bo, bu", ilhali wenzao hawajawahi hata kushika penseli. Kuwafundisha wote kwa pamoja kunahitaji ufundi, tena na moyo.

Tangu elimumsingi bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa yamefurika, na ni jambo jema watoto wamefika. Ila asiyeshika kusoma, kuandika na kuhesabu mapema, masomo yote ya mbele humpita.

Nasi wazazi, tafadhali, wiki ya pili tusianze kumuuliza mtoto amekuwa wa ngapi. Tumkague daftari, tumchongee penseli, na jioni tumpe nafasi atusomee hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi.

Mzazi,
Morogoro