Sili mpya ya shokapu imevuja tena? Angalia oili na springi kwanza

Kuna neno nalisikia sana hapa gereji, "fundi, juzi tu nimebadilisha sili, mbona inavuja tena, si nimeibiwa?" Na kuna mteja alikuja amenuna kabisa, eti nimemchaji hela nyingi kwa oili kidogo tu ya shokapu wakati mwenzake kawekewa kijiweni kwa nusu ya bei. Leo naeleza hela inaenda wapi.

Kwanza tuelewane, nazungumzia shokapu za mbele za pikipiki, ile miguu miwili inayoshika tairi, na sili ni raba inayozuia oili isitoke. Kinachokubeba wewe, abiria na mzigo ni springi iliyo ndani. Oili haibebi uzito. Kazi yake ni kuituliza springi inapobonyea na inapofyatuka, kwa sababu inalazimika kupenya kwenye vitundu vidogo ndani ya mguu wa shokapu, kama dawa kwenye sindano, nzito inapita kwa shida na nyepesi inapita haraka. Ndo maana oili ikifa pikipiki inadundadunda ukivuka tuta, na springi ikilala, mbele kunakuwa kumeshuka ukikaa tu, hata hujawasha.

Sasa chukua vijana wanaofuata mboga Mgeta. Wanashuka milima ile na matenga ya kabeji na karoti mpaka Morogoro mjini, breki ya mbele imeshikwa, uzito wote umekuja mbele, springi zinachoka shokapu inaanza kugonga. Hapo mtu anashauriwa aweke oili ya injini namba 40, ile nzito, tena ijazwe mpaka juu. Siku hiyo inakuwa ngumu kweli, anasifia. Lakini ndani ya mguu, juu ya oili, lazima ibaki nafasi ya hewa, na hewa hiyo ikibanwa inasaidia springi. Ukijaza oili hewa inabaki kiduchu, ukiingia kwenye shimo presha inapanda ghafla na pa kutokea ni kwenye sili. Sili mpya inatema. Halafu oili nzito kwenye rafu inachelewesha shokapu kurudi juu, shimo la pili linakukuta bado umebonyea, la tatu ndo inagonga, mikono inakufa ganzi na tairi linaruka badala ya kushika barabara.

Yule aliyenuna nilimfungulia mbele yake. Mguu wa kulia ilitoka oili nyeusi nzito, wa kushoto nyembamba ya kijivu, ina unga wa chuma unametameta kwenye beseni. Juu ya springi fundi aliyepita alikuwa kachomeka kipande cha bomba la maji. Nikasimamisha springi yake mezani pembeni ya mpya, imepungua karibu upana wa kidole. Kipande kile kinainyanyua mbele tu, springi yenyewe inabaki laini vile vile, haiwi ngumu hata kidogo. Alikuwa kashanunua sili seti mbili kabla ya kuja kwangu, jumlisha na hela za ufundi, hiyo ilikuwa bei ya springi.

Kazi yangu iko hivi. Natoa tairi, nashusha miguu yote miwili, namwaga, naosha mpaka ndani. Napitisha ukucha kwenye bomba linakopita sili, ukikwaruza kwenye kutu basi sili mpya itakatwa pale pale na nitakwambia ukweli hata kama hutaki kusikia. Oili ni ya shokapu, nyingi tunazotumia ni 10W (hiyo ni namba ya uzito wake), mguu mmoja wa pikipiki za 125 na 150 haufiki hata robo lita, kwa hiyo mililita 20 zikizidi unazisikia kwenye mikono. Naipima kwa rula, springi ikiwa nje na shokapu imebonyezwa mpaka mwisho, kulia na kushoto sawa sawa. Hiyo inakula muda na muda huo ndo unaoulipia, oili yenyewe ni hela ndogo.

Na tafadhali ikivuja usiendelee kusubiri eti mwisho wa mwezi, kwa wenye breki ya diski hasa, oili ikifika kwenye pedi hiyo breki huna tena.

Springi za kila aina sina stoo, so nipigie kabla, nitajie pikipiki gani na unabeba nini, maana wa abiria na wa matenga siwafungii kitu kimoja.