Wajukuu zangu wa chuo, mwacheni yule mgeni aje aseme

Marahaba wajukuu. Najua hamjaniamkia ila naitikia kabisa ili tuingie kwenye mambo. Ile barua yenu mliyompelekea mkuu wa chuo, ya kutaka yule mwanaharakati wa Dar asiletwe kwenye kongamano, imeshazunguka kila grupu la WhatsApp mpaka huku Mikindani imenifikia. Mmesema anatukana mila za kusini kwa sababu anataka unyago upigwe marufuku kisheria, na chini huko kuna walioandika akikanyaga ukumbini watamzomea mpaka apande basi arudi alikotoka.

Sasa mimi ni kungwi. Ualimu wa shule ya msingi nimestaafu ila ukungwi haustaafiwi, nimewacheza mabinti wa unyago wa Mikindani na Naumbu na huko Madimba, na baadhi ya mama zenu wamepita mikononi mwangu, kwa hiyo kama kuna mtu wa kununa hapa ni mimi kabla yenu. Na mimi nasema aje.

Aje kwa sababu nina maswali yake. Nataka kumuuliza, huyu mtoto akivunja ungo nani alikuwa anamweleza kinachomtoka na jinsi ya kujisitiri kabla hivyo vitabu vyao havijafika, mama yake mzazi ambaye kwa adabu zetu hawezi kumtamkia? Nataka anijibu mbele za watu akiwa ananitazama. Alafu kuna mahali ana hoja, msikatae tu kwa sababu kaisema mtu wa Dar. Zamani mwali alikuwa anachezwa akishapevuka, siku hizi watu wanakusanya vitoto vya miaka saba minane wanavichanganya na wakubwa ili gharama za ngoma ziishe mara moja, alafu kitoto kinafundishwa mambo ya unyumbani kikirudi darasani kimeshajiona mtu mzima. Hilo hata mimi nalipigia kelele hukohuko ndani na makungwi wenzangu wananiona mnoko. Sasa mkimzuia mgeni, hili nalo tutalisemea wapi?

Mnasema chuo ni mahali pa heshima sio pa kuchefuana. Haya, ulizeni Chuo Kikuu cha Dar kilivyokuwa miaka ya 60. Walter Rodney mtu wa Guyana alikuwa anafundisha pale, Stokely Carmichael, mpigania haki za watu weusi wa Marekani, akaja kuunguruma 1967, wanafunzi wana chama chao USARF na gazeti lao Cheche, wanamkosoa kila mtu mpaka serikali iliyokuwa inawalisha. Mwenyekiti wao alikuwa kijana mmoja wa Uganda anaitwa Yoweri Museveni (huko kwake sasa vijana wanasema kwa uhuru gani mtaniambia wenyewe). Novemba 1970 chama kikafungiwa na gazeti likafungiwa. Na nyuma yake kidogo, Oktoba 1966, wanafunzi zaidi ya 300 walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walirudishwa makwao na Mwalimu mwenyewe. Sasa angalieni, mara zote mbili aliyefungwa mdomo hakuwa mgeni aliyealikwa, alikuwa mwanafunzi. Nyie leo mnamwandikia mkuu wa chuo mkimwomba atumie rungu lake, na akishazoea kulitumia hatauliza tena nyie mnaonaje, siku mkitaka kumwalika mtu wa kuongelea bei ya korosho au gesi atawaambia mada hii inachefua watu, na barua yenu atakuwa nayo kwenye faili.

Tena kumzuia kwenyewe hakumnyamazishi. Mwaka 2018 Zambia walimrudisha PLO Lumumba, yule mwanasheria wa Kenya, pale uwanja wa ndege Lusaka, alikuwa anakwenda kutoa mhadhara chuoni kuhusu Wachina na Afrika. Mhadhara wangeusikia waliokaa kwenye ukumbi mmoja, ila kwa kumrudisha habari ikaenda Afrika nzima.

Iko kesi nyingine inanipa tabu sitawaficha. Chuo Kikuu cha Cape Town, 2016, kamati yao ya uhuru wa taaluma ilimwalika Flemming Rose, yule mhariri wa Denmark aliyechapa vikatuni vya Mtume, uongozi ukafuta mwaliko kwa kuhofia fujo, kamati ikabaki inapinga. Mimi Muislamu, vile vikatuni vinaniuma mpaka kesho, na kusema kweli aliposhindwa kuja sikumlilia. Lakini nikiwa nimetulia naona sababu ya "kutatokea fujo" ni mbaya sana, maana inampa ushindi yeyote mwenye mawe mengi.

Kuna mtu ningemzuia mimi mwenyewe, ningekaa getini na mkeka wangu. Anayekuja kusema kiungo cha mwenye ualbino kinaleta utajiri, au bibi fulani mwenye macho mekundu ni mchawi amalizwe. Huyo haji kubishana, anakuja kuonyesha watu nani wa kudhuru, kama ile redio RTLM ya Rwanda 1994 ilivyokuwa inataja watu kwa majina na walipojificha. Yule wenu anasema sheria ibadilishwe. Havifanani hata kidogo.

Na wengi wenu mlikuwa wadogo Mei 2013. Habari ya bomba la kutoa gesi kwetu Mtwara kwenda Dar, vipeperushi mtaani, kila mtu na lake alilolisikia, na ukithubutu kusema labda bomba lina faida unaitwa msaliti, ukithubutu kuuliza sisi tunabaki na nini unaitwa mchochezi, kwa hiyo hakuna aliyekaa na mwenzie wakasikilizana. Bajeti ya nishati iliposomwa bungeni tarehe 22 mji ukawaka, watu wakafa, na sisi tukajifungia ndani. Ndo maana nikisikia vijana wa Mtwara wanasema fulani asiongee, tumbo linanicheza.

Kwa hiyo pelekeni barua nyingine. Dai lenu liwe muda wa maswali usipungue muda wake wa kusema, na pembeni yake akae mtu wa hapahapa anayeujua unyago kwa kuupitia sio kwa kuusoma. Asiyetaka kumsikia asimame nje na bango lake, ruksa, ila kuzomea mpaka mtu asisikike sitaki. Viti vya mbele wakae wanawake, maana mambo yenyewe ni yetu na humo kwenye barua majina mengi nimeona ya wavulana (jando lenu hajaligusa, mmeumia nini?).

Bajaji ya kunileta nitalipa mwenyewe. Maikrofoni tu msinikatie, maswali yangu ni marefu.

Bibi yenu, Mikindani