Barua kwa wakili anayetaka kurudi chuo

Dar es Salaam

Ndugu yangu,

Hujambo? Nimesoma ujumbe wako nikiwa kwenye daladala, na ulipouliza "miaka 38, nani atanipokea chuoni?" nikacheka peke yangu hadi konda akanitazama. Nilimkumbuka H.L.A. Hart, yule mwanafalsafa wa sheria, Mwingereza tuliyemkariri ili tufaulu mtihani, kisha tukamsahau.

Alipoanza kufundisha Oxford mwaka 1945, alikuwa na umri wako huo huo. Kabla ya hapo alikuwa wakili London tangu 1932, wala si wa zile kesi za mauaji zinazojaza magazeti: amana za familia, kodi, hati za mali. Majalada tu, kama hayo yaliyokurundikania mezani. Vita vilipokuja akaingizwa MI5, idara ya ujasusi, na humo akafanya kazi na wanafalsafa Gilbert Ryle na Stuart Hampshire. Shahada ya sheria hakuwa nayo kabisa! Mwaka 1952 akapewa uprofesa wa falsafa ya sheria, hajachapisha kitabu hata kimoja. Siku hizi angeishia getini na bahasha yake.

Kitabu chake kile tulichokariri, The Concept of Law, kilitoka 1961. Kisome tena sasa, utauona mkono wa wakili. Unaukumbuka mfano wa bustani isiyoruhusu magari? Motokaa haina ubishi, lakini baiskeli je? Juzi hapa mtaani, penye bango la "Vyombo vya moto marufuku", kijana alikuja anaisukuma bodaboda yake imezima. Mlinzi akamzuia. "Haijawaka, mzee!" "Ni chombo cha moto hicho!" Wakabishana, foleni ikaota nyuma yao, mama mmoja wa vitumbua akatoa hukumu yake bila kuombwa. Hart angevuta kigoda, aagize kahawa.

Hofu ya kushindwa hoja usiikimbie. Kiti chake alikirithi Ronald Dworkin, mkosoaji wake mkali kuliko wote, na jibu alilokuwa akimwandikia, Hart amefariki 1992 hajalimaliza.

Nakala yangu nitakupa Jumamosi nikija. Jalada limeachia na kurasa za katikati zinachomoka, ila penseli yako ya mwaka wa pili bado inasomeka. Pembeni mwa ukurasa mmoja uliandika "uongo mtupu". Nataka unieleze kwa nini.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Mwenzako wa benchi la nyuma