Risala ya Klabu ya Wapiga Makasia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mashindano ya Mtoni, Jinja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wakuu wa vyuo vyetu viwili,
Wenyeviti wa LC (mabaraza ya mitaa), viongozi wa dini, walimu na wazazi,
Wavuvi wetu, na ndugu zetu wa bodaboda mliowafikisha wageni hadi huku kwenye vumbi,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Nawe, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa namna ya pekee. Ratiba ilisema saa tatu asubuhi, na sasa inakaribia saa saba, lakini umefika kwa miguu yako mwenyewe wala hukutuma mwakilishi. Kwa klabu yetu hiyo ni hatua kubwa. Mwaka jana tulisoma risala kama hii mbele ya mwakilishi wa mwakilishi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, na hatujui ile suruali ilifuliwa lini.

Risala imeandikwa kwa Kiswahili, si kwa sababu tu Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, bali kwa sababu ndiyo lugha ya ndani ya mashua. Kwenye viti vinane utamkuta Msoga, Muganda, Mlugbara, Mwacholi, na wenzetu kutoka Kenya na Kongo. Nahodha akisema “Tayari! Vuta!” hakuna anayehitaji mkalimani.

Kuhusu historia hatutakuchosha. Watu wa Ziwa Victoria walishindana kwa mitumbwi zamani sana. Mvumbuzi Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1875 alikuta mitumbwi ya vita iliyomshangaza, na mpaka leo koo za Buganda hushindana kwa maato, yaani mitumbwi, mbele ya Kabaka. Sisi tulichelewa kidogo. Klabu ilianza pale wanafunzi wachache wa vyuo viwili walipoona maji ya Nile yametulia hapa, nyuma ya bwawa la Bujagali. Wazee mliopo mnakumbuka maporomoko yalivyonguruma mahali hapa kabla bwawa halijakamilika mwaka 2012. Maji yale yale yaliyofunika maporomoko na kuwanyima kazi vijana wa rafti, waliokuwa wakiwashusha watalii humo, ndiyo yaliyotupa sisi uwanja. Hatukuyaomba, lakini tusingeyaacha yakae bure.

Mafanikio ni mengi. Tumeshiriki mashindano nje ya Jinja, na timu yetu ya wasichana ikashika nafasi ya pili katika mbio zilizoshirikisha timu mbili. Hakuna mwanachama aliyezama tangu tuanze. Wote wanajua kuogelea, isipokuwa mweka hazina, ambaye hata hivyo anaelea vizuri. Uganda nayo imejulikana duniani katika mchezo huu: Kathleen Noble alikuwa mpiga makasia wetu wa kwanza kwenye Olimpiki, kule Tokyo mwaka 2021, akarudi tena Paris mwaka 2024. Hakupitia klabu yetu, lakini picha yake iko ukutani kwetu, na kila mwanachama mpya huapishwa mbele yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hayo yalikuwa ya adabu. Sasa tunaomba utuazime masikio.

Mashindano ya leo yanaitwa ya bega kwa bega. Mashua mbili zinaanza pamoja, kila moja na wapiga makasia wanane na nahodha anayeshika usukani, zinakwenda sambamba mita 2000, na ya kwanza kugusa mstari ndiyo mshindi. Hakuna saa wala hesabu, na hata mtoto wa chekechea aliyesimama ukingoni anajua nani kashinda. Ndivyo wanavyofanya Henley kule Uingereza, kwenye mashindano yaliyoanza mwaka 1839, mashua mbili mbili, anayeshindwa anarudi nyumbani.

Baadhi ya wageni wetu waliopita walitushauri tushindane kwa saa: kundi moja lipande mashua, lipimwe, lishuke, na la pili lipande mashua ile ile. Ushauri ulikuwa mzuri, na tuliujaribu. Kundi la kwanza lilipita asubuhi, maji yakiwa kama kioo. La pili lilipopanda, upepo wa ziwani ulikuwa umeamka, na maji yenyewe yamebadilika kasi, kwa sababu hapa tupo katikati ya mabwawa mawili na mto hupanda na kushuka kadiri mitambo ya umeme inavyofunguliwa. Chuo kimoja kikasema kimeonewa na upepo, kingine kikasema kimeonewa na wivu. Tulikesha tukisuluhisha. Toka siku hiyo tunasema: mbio za haki ni zile ambazo upepo ukimpiga mmoja unampiga na mwenzake, na kwa hilo zinatakiwa mashua mbili zinazofanana.

Sisi tunayo moja.

Ya kwanza, ile unayoiona kwenye vigogo pale, tunaiita Nyeupe. Ni zawadi, ilikwisha tumika ng'ambo kabla ya kuja kwetu, na urefu wake ni kama mita 18. Kanuni za kimataifa zinataka mashua ya namna hiyo isipungue kilo 96 bila makasia, na ndiyo maana vijana wanane wanaweza kuitwaa mabegani na kushuka nayo mtoni wakiimba. Viti vyake vinateleza mbele na nyuma juu ya reli ndogo. Hilo si pambo, Mheshimiwa. Asiyeujua mchezo hudhani kasia linavutwa kwa mikono, kumbe nguvu kubwa inatoka miguuni: mpiga makasia anakunja magoti, anateleza mbele, anasukuma kwa mapaja, halafu ndipo mgongo na mikono vinamalizia.

Ya pili inaitwa Gogo. Ilijengwa na fundi wa Masese, kule ziwani, anayejenga mashua za wavuvi, kwa mbao za mvule, misumari na pamba iliyosokotwa kwenye maungio. Tunamheshimu sana fundi yule, yupo hapa leo, na hajawahi kutudai salio lake kwa sauti kubwa. Alifanya alichoweza kwa picha tuliyomwonyesha kwenye simu. Lakini Gogo ni mashua ya kubebea sangara. Kuitoa nchi kavu kunahitaji watu kumi na wanne, na ilipoletwa huku ilibidi tuombe lori la miwa, maana bwawa la Nalubaale liko katikati na haliruki mtu. Viti vyake ni mbao zilizopigiliwa. Anayeipanda anaacha miguu yake ikae tu kama abiria.

Basi kila mwaka mbio zetu zinakwenda hivi. Chuo kimoja kinapewa Nyeupe, kingine kinapewa Gogo. Bendera ikishuka, Nyeupe inaondoka kama ndege aliyeona mwewe. Gogo nayo inaondoka, kwa wakati wake. Mgeni rasmi wetu wa mwaka juzi alimwinamia katibu akamuuliza, kwa nia njema kabisa, kama ile mashua ya nyuma imekuja kuvua. Katibu ni mimi. Sikuwa na jibu.

Tulijaribu kubadilishana: duru ya kwanza hawa kwenye Nyeupe, duru ya pili wale. Lakini kundi lililoanza na Gogo linarudi na mikono imekufa, halina la kufanyia duru ya pili. Kwa hiyo tukabaki na njia moja ya kuamua nani aanze na nini, nayo ni kurusha shilingi. Tunatumia sarafu ya mia tano, yenye korongo upande mmoja na ngao ya taifa upande wa pili. Manahodha wanachagua, ndege au ngao, na mwenye bahati anachukua Nyeupe.

Uingereza pia, Oxford na Cambridge, ambao mbio zao zilianza mwaka 1829, hurusha sarafu kabla ya kuanza. Yao ni ya dhahabu, ya mwaka huo huo wa 1829. Tofauti ni kwamba sarafu yao inaamua upande wa mto, na kila chuo kinakuja na mashua yake. Yetu inaamua mshindi. Miaka mitano mfululizo, aliyeshinda sarafu ameshinda mbio. Vijana hawa wanaamka saa kumi na moja alfajiri, wanapiga makasia kabla ya vipindi, viganja vimekuwa kama ngozi ya mamba, halafu jasho la mwaka mzima linaamuliwa na shilingi mia tano ambayo siku hizi haitoshi hata chapati.

Jambo hili halisemwi leo kwa mara ya kwanza, Mheshimiwa. Si nia yetu kumtaja mtu, na wote waliowahi kukaa kwenye kiti hicho unachokalia tunawaombea afya. Ila tukikaa kimya utadhani sisi ndio hatukusema.

Mgeni wetu mmoja alisimama hapa, akashangiliwa, akasema mashua itafika kabla ya Krismasi. Tulishangilia haraka mno, hatukumuuliza Krismasi ya mwaka gani.

Aliyefuata alikuja na mtu wa futi na mtu wa kamera. Walipima Nyeupe kutoka puani hadi mkiani, akatuambia tuandae mahali pa kuilaza mwenzake, kwa sababu mashua haiwezi kufika ikakosa pa kulala. Tulichanga. Wasichana waliuza roleksi, zile chapati za mayai, getini muhula mzima. Tukajenga kichanja cha orofa mbili kwenye banda letu, mbao safi, tukakipaka rangi. Orofa ya chini inalala Nyeupe. Ya juu wanatagia kuku wa mlinzi, na hatulalamiki sana kwa sababu mayai tunagawana, lakini hatukukijenga kwa ajili ya kuku.

Wa tatu alitueleza kwa masikitiko kwamba mashua imepatikana, ila ni ndefu, haiingii kwenye kontena. Badala yake alituletea fulana zenye picha yake, kampeni zikiwa zimekaribia. Fulana tunazivaa mazoezini, na picha haijachuja hata kidogo. Lakini kuhusu kontena tunaomba tuseme kwa unyenyekevu wote: kontena refu la kawaida lina kama mita 12, ni kweli, na mashua ina mita 18. Ndiyo maana hutengenezwa zinazokatika vipande na kuunganishwa kwa bolti. Nyeupe yenyewe ilifika Mombasa ikiwa vipande viwili. Bolti zake ziko pale ubavuni, na baada ya risala tutakuonyesha, kusudi mtu asije akakuambia habari ya kontena.

Kwa hiyo ombi letu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni moja. Tunaomba mashua ya pili ya watu wanane, ya aina ya Nyeupe, yenye viti vinavyoteleza, inayokuja kwa vipande. Haihitaji kuwa mpya. Klabu za vyuo vya Ulaya hubadilisha mashua zao na kuuza za zamani, na iliyochakaa kwao kwetu itakuwa bibi harusi. Barua za kuomba tunaweza kuandika wenyewe, tumeshazoea. Tunachokosa ni mtu wa kulipia meli, na mwenye sauti ya kutuombea msamaha wa ushuru, kwa sababu sauti yetu ikifika ofisini inaambiwa irudi Jumatatu. Lori kutoka Kampala hadi hapa tutalilipa sisi, akiba ipo, na mweka hazina atakuonyesha kitabu.

Tunaomba pia, usituone wakosefu wa adabu, tarehe. Hata ikiwa ya mbali tutaipokea. Nakala ya risala hii ina mstari mtupu chini kwa ajili hiyo, na kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Ukiona mwaka huu haiwezekani, tuambie haiwezekani. Tutakupigia makofi vilevile, na tutawaondoa kuku au kuwaacha kwa kujua.

Mahitaji mengine ni madogo. Mashua ya waamuzi ni ya kuazima kwa mvuvi, na injini yake huzima katikati ya mto. Ikizima leo, tafadhali endelea kupunga mkono kana kwamba ni sehemu ya ratiba. Majaketi ya kuokolea hayatoshi. Choo cha wasichana hakina mlango, na hili tunawaelekezea wakuu wa vyuo, ambao wanalijua.

Mheshimiwa, makundi yote mawili yamesimama ukingoni tangu asubuhi, na hakuna lililoingia mashuani kwa sababu halijui ni ipi. Kwa heshima zote tunakukaribisha usogee mbele. Manahodha hawa hapa, mmoja amesema ndege, mwingine ngao. Sarafu hii hapa.

Ni sisi watiifu wako,
Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Klabu